Uzawa na Cheti: Nani Anastahili Kufundisha Kiingereza Ugenini?

1. Utangulizi

Kufundisha Kiingereza katika nchi ambako lugha hiyo ni ya kigeni ni kazi inayowavutia vijana wengi wenye shahada. Anayeitafuta kazi hiyo hukabiliwa na maswali mawili kabla hajaulizwa lolote kuhusu mapenzi yake ya ualimu: ana cheti gani, na ni raia wa nchi ipi? Swali la kwanza linahusu alichojifunza. La pili linahusu alikozaliwa. Kwa kuwa maswali hayo huulizwa katika fomu moja, aghalabu hudhaniwa kuwa ni ya namna moja, kana kwamba jibu la moja laweza kujaliza pengo la jingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maswali hayo ni ya namna mbili tofauti, na kwamba kuyachanganya ni kosa la kimantiki lenye matokeo ya kimaadili.

Mfano wa Korea Kusini unatosha kulidhihirisha tatizo. Viza iitwayo E-2, ambayo ndiyo hutolewa kwa walimu wa lugha za kigeni, kwa upande wa Kiingereza kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mwombaji hutakiwa awe na shahada ya kwanza, lakini si lazima shahada hiyo iwe ya ualimu wala ya Kiingereza. Aliyesomea jiolojia mjini Toronto hukubaliwa. Aliyesomea ualimu wa Kiingereza na fasihi mjini Nairobi kwa miaka minne, kisha akalifundisha somo hilo kwa miaka kumi, hakubaliwi, ijapokuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiingereza kuwa mojawapo ya lugha rasmi mbili. Ajabu ni kwamba Afrika Kusini imo katika orodha, ilhali sensa ya nchi hiyo ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa wanaozungumza Kiingereza majumbani mwao hawafiki kumi kwa mia. Hivyo basi hata kigezo cha uzawa wa lugha hakifuatwi kwa dhati. Kinachofuatwa ni pasipoti.

2. Kustahili, kuhitimu na kufuzu

Kabla ya kuendelea, inafaa kutazama msamiati ambao Kiswahili chenyewe kinautumia katika suala hili. Maneno matatu hutumika kana kwamba yana maana moja: kustahili, kuhitimu na kufuzu. Yote yana asili ya Kiarabu, lakini kila moja lina wazo lake.

Kuhitimu kunatokana na mzizi wenye maana ya kukamilisha na kutia muhuri. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, mwanafunzi alihitimu alipoimaliza Kurani mbele ya mwalimu wake. Kufuzu kuna maana ya kushinda: kumekuwa na kipimo, na mtu amekivuka. Ama kustahili, mzizi wake ni ule ule wa neno 'ahli', yaani watu wa nyumba, jamaa. Anayestahili, kwa maana hiyo ya asili, ni yule aliyehesabiwa kuwa miongoni mwa wenyewe.

Kwa hiyo maneno mawili ya mwanzo yanazungumzia njia ambayo mtu ameipita, na la tatu linazungumzia mlango ambao mtu amefunguliwa. Mtu anaweza kuhitimu na kufuzu pasipo kuhesabiwa kuwa wa nyumba, na mwingine anaweza kuhesabiwa kuwa wa nyumba pasipo kuhitimu chochote. Mgogoro wa mwalimu wa Kiingereza ugenini ni mgogoro baina ya maana hizo, na swali la kimaadili ni hili: je, katika ualimu, kuwa wa nyumba kuna uzito gani mbele ya kuipita njia?

3. Cheti cha majuma manne

Historia ya cheti kinachojulikana zaidi katika kazi hii ni fupi. Mwaka 1962 John Haycraft alianzisha mjini London, katika taasisi ya International House, kozi ya majuma mawili ya kuwaandaa watu kufundisha Kiingereza kwa wageni. Kozi hiyo ilikua, ikaingia mikononi mwa Royal Society of Arts, kisha mwaka 1988 ikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Cambridge. Leo inaitwa CELTA. Huwa na saa zisizopungua 120 za masomo, na miongoni mwa hizo saa sita mtahiniwa hufundisha wanafunzi halisi huku akitazamwa na wakufunzi na wenzake. Saa nyingine sita huwatazama walimu wenye uzoefu, na huandika kazi nne. Aisomaye kwa mfululizo huimaliza kwa muda wa takriban mwezi mmoja.

Si haki kuibeza kozi hii kwa ufupi wake. Ina jambo moja lenye thamani kubwa: haimruhusu mtu aitwe mwalimu kabla hajasimama mbele ya darasa na kuonekana akikosea. Somo hufanywa, huchambuliwa jioni hiyo hiyo, na la kesho hujengwa juu ya makosa ya leo. Ziko shahada ndefu ambazo hazimpi mwanagenzi jicho la karibu namna hiyo.

Pamoja na hayo, cheti hiki kinabeba historia yake mgongoni. Darasa la London lilijaa wanafunzi kutoka nchi mbalimbali, na lugha pekee waliyoweza kuishiriki ilikuwa ndiyo hiyo waliyokuja kujifunza. Kufundisha Kiingereza kwa Kiingereza pekee kulikuwa ni sharti la mazingira. Mbinu hiyo iliposafirishwa hadi Seoul au Madrid, ambako wanafunzi wote wana lugha moja na mwalimu angeweza kuitumia kuwafafanulia jambo kwa dakika moja, sharti la mazingira liligeuzwa kuwa kanuni ya ufundishaji. Na kanuni hiyo ilimfaa zaidi mwalimu asiyejua lugha ya wanafunzi wake. Upungufu wake ukageuzwa sifa.

Hapo ndipo tofauti ya kimaadili inapoanza kujitokeza. Kwa aliyezaliwa katika nchi inayotakiwa, cheti cha mwezi mmoja ni nyongeza tu: uzawa umekwisha kumfungulia mlango, na cheti kinamwongezea heshima. Kwa asiyezaliwa huko, cheti hicho hicho, kilichopatikana kwa ada na mtihani ule ule, pengine kwa alama za juu zaidi, hakifungui mlango wa viza iliyotajwa. Kipimo ambacho matokeo yake hayawezi kumbadilishia hali mmoja wa waliopimwa, kwake yeye si kipimo tena, bali ni sherehe.

4. Makerere, mara mbili

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya pekee ya kulitafakari suala hili, kwa kuwa moja ya hati zake za msingi iliandikwa karibu naye. Mwezi Januari 1961 ulifanyika mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola katika chuo cha Makerere, Uganda, kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Robert Phillipson, katika kitabu chake Linguistic Imperialism (1992), aliichambua taarifa ya mkutano huo na kuonyesha imani tano zilizotawala taaluma hiyo: kwamba Kiingereza hufundishwa vyema kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha, kwamba kuanza mapema huleta matokeo bora, kwamba kadiri kinavyofundishwa kwa wingi ndivyo matokeo yanavyokuwa mema, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana, kiwango cha Kiingereza hushuka. Phillipson aliziita imani hizo kuwa ni za uongo, moja baada ya nyingine.

Kinachopaswa kuzingatiwa hapa ni mahali. Imani kwamba mwalimu bora ni mzawa ilipata nguvu katika eneo ambalo idadi kubwa ya watoto walifundishwa Kiingereza chao cha kwanza na walimu Waafrika wa shule za msingi, ambao hakuna aliyekizungumza utotoni. Waliosoma mikononi mwa walimu hao ndio waliojaza Makerere yenyewe. Ushahidi wa kuipinga imani hiyo ulikuwa umekaa madarasani, hatua chache kutoka ukumbini.

Mwaka uliofuata, Juni 1962, Makerere ilikuwa mwenyeji wa mkutano mwingine, wa waandishi Waafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025), aliyehudhuria akiwa mwanafunzi, alieleza baadaye katika Decolonising the Mind (1986) kwamba yeye alistahili kualikwa kwa sababu ya hadithi fupi chache alizokwisha kuchapisha, ilhali Shaaban Robert, mwandishi mkuu wa Afrika Mashariki wakati huo, hakuweza kustahili kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili. Shaaban Robert alifariki mwezi huo huo.

Mikutano hii miwili ikiwekwa pamoja inatoa funzo. Katika wa kwanza, Mwafrika anayekijua Kiingereza aliwekwa daraja la pili kwa kuwa hakuzaliwa nacho. Katika wa pili, Mwafrika aliyeimudu lugha yake kuliko wengine wote aliachwa nje kwa kuwa hakukitumia Kiingereza. Kipimo kilikuwa kimoja katika hali zote mbili, nacho ni umbali wa mtu kutoka katika nyumba ya lugha hiyo.

5. Shahidi na mwalimu

Watetezi wa uzawa wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Mzawa wa lugha huwa na hisi ya lugha ambayo kitabu hakiitoi. Anajua kwamba sentensi fulani haisemwi, hata asipoweza kueleza kwa nini. Isimu ya karne ya ishirini iliijenga sehemu kubwa ya nadharia yake juu ya hisi hiyo, hasa tangu Noam Chomsky alipotoa Aspects of the Theory of Syntax mwaka 1965. Ikiwa mwanaisimu humwendea mzawa ili ajue lugha ilivyo, kwa nini mwanafunzi naye asimwendee huyo huyo?

Jibu linapatikana katika historia ya lugha iliyo jirani mno na Kiswahili. Kitabu cha kwanza kikuu cha sarufi ya Kiarabu, kilicho msingi wa taaluma hiyo hadi leo, kiliandikwa katika karne ya nane na Sibawayhi, ambaye hakuwa Mwarabu. Alikuwa Mwajemi aliyesomea Basra. Inasimuliwa kwamba aliitwa Baghdad kujadiliana na al-Kisa'i, mwanasarufi wa Kufa, kuhusu umbo la kiwakilishi katika sentensi moja ihusuyo nge na nyigu. Waliposhindwa kukubaliana, waliitwa Waarabu wa jangwani wawe waamuzi. Hao wakamuunga mkono al-Kisa'i, na Sibawayhi akaondoka akiwa ameshindwa. Wako waliosimulia kwamba waamuzi hao walihongwa. Wanasarufi wa Basra waliendelea kuutetea msimamo wake.

Kisa hicho kina mambo mawili. Kwanza, hata katika utamaduni uliomheshimu mzawa kiasi cha kumfanya hakimu, aliyeipanga lugha ikaweza kufundishika hakuwa mzawa. Pengine ni kwa sababu hiyo hasa: aliyeipata lugha kwa kuitafuta huziona ngazi ambazo aliyezaliwa juu ya dari hakuwahi kuzikanyaga. Pili, wale Waarabu wa jangwani waliitwa kutoa ushahidi, hawakuitwa kufundisha. Shahidi husema lilivyo. Mwalimu humchukua asiyejua kutoka pale alipo hadi pale shahidi aliposimama, na kwa kazi hiyo hapana budi azijue sehemu zote mbili pamoja na njia iliyo kati yake. Si kila mzaliwa wa kisiwani ni nahodha.

Péter Medgyes, msomi wa Hungaria, aliifafanua hoja hii kuhusu Kiingereza katika kitabu chake The Non-Native Teacher (1994). Alikiri kwamba mwalimu asiye mzawa huwa na upungufu wa umilisi, na hakutaka ufichwe. Lakini alionyesha kwamba huyo ndiye awezaye kuwa mfano wa mwanafunzi aliyefaulu, kutabiri matatizo, na kuwahurumia wanaojikwaa pale alipojikwaa yeye. Mwaka 2006 chama cha kimataifa cha TESOL kilitoa tamko rasmi la kupinga ubaguzi dhidi ya walimu wasio wazawa wa Kiingereza. Viza, hata hivyo, hazitolewi na vyama vya wanataaluma.

6. Hoja ya soko

Imebaki hoja ambayo husemwa zaidi na wenye shule kuliko wasomi: wazazi wanataka hivyo. Mzazi anayelipa ada kubwa anataka mtoto wake asikie lafudhi fulani na aone uso fulani, na mwenye shule hutoa kinachonunuliwa.

Hoja hii ina sehemu mbili ambazo yafaa zitenganishwe. Matakwa kuhusu lafudhi yanaweza kuwa halali. Anayejifunza ili akafanye kazi Dublin ana sababu ya kutaka kusikia Kiingereza cha Dublin. Lakini haja hiyo inaweza kupimwa kwa kumsikiliza mwombaji akizungumza; haihitaji pasipoti yake. Pasipoti inapotumiwa badala ya sikio, kinachotafutwa kimekwisha kuwa kitu kingine. Ama kusema kwamba wanunuzi wanataka, huko ni kueleza chanzo cha tendo bila kulihalalisha. Mwenye shule si mpitishaji tu wa matakwa ya wazazi. Tangazo lake la kutaka mzawa ni somo la kwanza analowafundisha, na matakwa anayodai kuyatii ameshiriki kuyajenga.

Lakini madhara makubwa zaidi humpata mwanafunzi mwenyewe. Kila ufundishaji una ahadi ndani yake: jifunze, nawe utafika. Ikiwa mwalimu bora wa lugha ni lazima awe amezaliwa nayo, basi mwanafunzi anaambiwa tangu siku ya kwanza kwamba mahali aliposimama mwalimu wake hapafikiki kwa kujifunza. Msichana wa Seoul anayekesha na vitabu vyake kwa miaka kumi na mitano, akakimudu Kiingereza kuliko wengi waliozaliwa nacho, shuleni kwake atahesabiwa kuwa chini ya kijana aliyeshuka ndege jana. Kanuni hiyo inaivunja ahadi ya ualimu kwa mkono ule ule unaopokea ada. Hapa ndipo upendeleo wa uzawa unapovuka mipaka ya kutowatendea haki waombaji kazi, ukawa ni uongo kwa wanaofundishwa.

7. Kiswahili kama kioo

Ingekuwa rahisi kuyaishia mambo hapa, Mkenya akiwa mdhulumiwa. Uadilifu unadai kanuni hiyo igeuzwe, ijaribiwe pale inapomfaidi.

Vyuo vikuu vya Marekani hufundisha Kiswahili, na kila mwaka vijana kutoka Kenya na Tanzania huenda huko, baadhi yao kupitia mpango wa Fulbright, wakasaidie kukifundisha. Wengi wa Wakenya hao lugha yao ya kwanza ni Kijaluo, Kikikuyu, Kikamba au Kiluhya. Kiswahili walikipata shuleni, hasa baada ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 kukifanya kuwa somo la lazima. Hata hivyo wakifika huko huhesabiwa kuwa wazawa wa lugha, kwa dalili ile ile ya pasipoti iliyomfukuza mwenzao Seoul. Anayelalamikia kigezo hicho katika mlango mmoja hawezi kwa dhamiri safi kukipokea kimyakimya katika mlango wa pili. Ikiwa anastahili kufundisha Kiswahili Marekani, na huenda anastahili kweli, basi ni kwa alichokijua na namna anavyokifundisha.

Fasihi ya Kiswahili inaiunga mkono kanuni hii. Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alizaliwa Ukerewe, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Hapana anayeweza kuieleza riwaya ya Kiswahili baada ya Rosa Mistika (1971) bila kumtaja. Waliotaka kupima uandishi wake kwa mahali alipozaliwa walikuwa na kipimo kisichofaa, kama kile cha Seoul.

Lakini kioo kina upande wa pili, nao ni mchungu zaidi. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tangu hapo mtoto wa Lamu aliyefundishwa na mama yake kusema 'ndia' na 'yana' amekuwa akisahihishwa kwa kalamu nyekundu, aandike 'njia' na 'jana', na pengine anayemsahihisha alikianza Kiswahili akiwa darasani. Kwake yeye, dhuluma inakuja kwa njia ya kinyume: cheti kimeufuta ushahidi wa uzawa. Tenzi kongwe zilizotungwa kwa lahaja ya mtoto huyo zinasomwa katika vyuo vikuu, lakini insha yake inakatwa alama.

Hali hizi mbili haziwezi kutatuliwa kwa kuchagua upande, ama wa uzawa ama wa cheti. Zinatatulika kwa kurejesha kila kimoja mahali pake. Uzawa hutoa haki ya ushahidi: mtoto wa Lamu anapaswa kusikilizwa kuhusu Kiamu, na mwalimu wake, hata awe na shahada ngapi, hana mamlaka ya kuliita kosa jambo ambalo ni lahaja. Anaweza kumfundisha usanifu kama umbo la pili, lenye matumizi yake. Uzawa hautoi haki ya ualimu. Cheti nacho hutoa haki ya ualimu kwa kadiri kilivyopima ualimu, na hakimpi mtu umiliki wa lugha ya wengine.

8. Hitimisho

Katika elimu ya dini ya pwani kulikuwa, na kungali, na desturi ya ijaza. Mwalimu humpa mwanafunzi idhini ya kufundisha kitabu fulani baada ya kumsikia akikisoma na kuridhika naye. Idhini hiyo haiulizi nasaba. Vilevile haina upana usio na mpaka: aliyepewa ijaza ya kitabu kimoja hajapewa ya vyote. Na jina la aliyeitoa hubaki limeambatana nayo, kwa hiyo mwanafunzi akiharibu, aibu humfikia aliyemwidhinisha.

Sifa hizo tatu, yaani kutouliza nasaba, kuwa na mpaka na kuwa na mdhamini, ndizo zinazokosekana katika utaratibu wa kuwateua walimu wa Kiingereza wa ugenini. Viza huuliza nasaba. Cheti cha mwezi mmoja hutumiwa pasipo mpaka, kwa watoto na kwa watu wazima, kwa wanaoanza na kwa wanaoandika tasnifu. Na aliyeidhinisha hujulikana kwa nembo tu. Mwenye kutaka kurekebisha hali hiyo anaweza kuanza na jambo dogo: mwombaji asikilizwe akizungumza, atazamwe akifundisha, na aulizwe anajua nini kuhusu lugha ya wale atakaowafundisha. Swali hilo la mwisho halimo katika masharti ya viza iliyojadiliwa hapa, na waombaji wengi kutoka katika nchi zile saba wasingeweza kulijibu.

Vivyo hivyo idara za Kiswahili zinapowateua vijana wa kwenda ng'ambo, na zinapotunga mitihani itakayofanywa Lamu, zina nafasi ya kuonyesha kama zinakiamini kipimo hicho au zinakitaka tu kitumiwe na wengine.